Kinyago Cheupe cha Bibi Wastinah

4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiihii ukuta kati ya makumbusho na ukumbi wa ngoma umevunjwa. Nilisimama upande wa makumbusho nimeshika mwavuli ndani ya nyumba, maana paa la upande wa ukumbi limeshafunguliwa. Fundi alipotoboa tundu la kwanza, uso wa Kusdono, mkuu wa idara ya ngoma, ulichungulia kutoka ng'ambo, nyusi zimejaa vumbi.

"Dada Nining," akasema, "kumbe makaburini mna taa."

Miaka yote ameyaita makumbusho yangu makaburi. Mimi nami ukumbi wake nimeuita soko. Tumefanya kazi ndani ya jengo moja tukipeana mikono siku za Idi tu. Lakini wazo la kuuvunja ukuta ni langu. Ni mimi niliyeliandika na kulitetea mbele ya Mkuu wa Chuo, Profesa Hardiman, mpaka akachoka kunikatalia. Kitu kilichochongwa ili kichezwe kisikae bubu kabatini. Watu wakae katikati ya vinyago, mchezaji afunguliwe kabati mbele ya macho yao, avae, acheze, arudishe. Ufunguzi ni Februari, sikukuu ya chuo. Tusipokuwa tayari, jengo litapewa kitivo cha biashara, nao wameshakuja kupima mahali pa kuweka kantini.

7 Novemba

Mvua. Turubai limepasuka.

11 Novemba

Bibi Wastinah amekuja kutoka kijijini Karangjati, ameletwa na mjukuu wake Tarini, mwanafunzi wa Kusdono. Vinyago vyetu vitano ni vya babu yake. Mwaka wa njaa, familia ilivikabidhi kwa marehemu Profesa Sukanda, aliyeanzisha makumbusho haya, ili visiishie mikononi mwa watalii. Yeye alikuwa mtoto. Hajavigusa tangu siku hiyo. Sasa amepita sabini, midomo ameipaka rangi, sigara ya karafuu inafuka vidoleni.

"Hapa hairuhusiwi kuvuta, Bibi."

"Nani amekataza?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Ndimi mwenye funguo."

"Haya, fungua. Tuone kama kazi unaijua."

Nilimpa glavu. Akazitazama kama mtu aliyeletewa panya mfu. "Nimshike babu yangu kwa mifuko ya plastiki?" Akazitupa. Akakitoa kinyago cha Panji, mwana wa mfalme wa hadithi za kwetu, kile cheupe, chepesi kama jani, macho yameinama. Ndani kuna kipande cha ngozi, maana vinyago vya kwetu havifungwi kwa kamba, mchezaji anang'ata. Ukilegeza meno, uso unaanguka. Aliitema tambuu yake, akasukutua kwa chai, akang'ata.

Sijui niandikeje. Yule mwanamke mgomvi hakuwepo tena. Panji hachezi sana. Patu za shaba na ngoma hunguruma, naye amesimama, anageuza shingo kidogo, anainua kidole, basi. Kusdono alikuwa akimpigia mdundo kwa viganja sakafuni, machozi yanamtoka hata hayafuti. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu huyu akinyamaza.

Bibi Wastinah alipokivua akalamba midomo. "Kina ladha ya sarafu," akasema. "Babu alikuwa bahili."

Tulicheka wote. Siku hii sitaisahau.

23 Novemba

Mazoezi. Bibi amemwambia Kusdono kwamba anapiga ngoma kama anayefukuza kuku. Kusdono amefurahi kama amepewa nishani.

2 Desemba

Mvua kutwa. Fundi hajatokea.

3 Desemba

Fundi hajatokea.

14 Desemba

Bibi anakuja kila siku isipokuwa Ijumaa. Anang'ata kinyago asubuhi nzima, halafu tunakula pamoja wali uliofungwa majani ya msaji, yeye, Tarini, Kusdono na mimi, tumekaa pale ulipokuwa ukuta. Kusdono ametundika taa zote mwenyewe bila kuombwa. Nilimdhania mtu wa maneno tu. Nilikosea.

19 Desemba

Msiba mdogo. Nimefungua kabati la vikaragosi vya mbao tuvihamishe, nikakuta unga. Wadudu wamevitafuna, mikono inakatika ukiigusa. Kabati la vinyago liko jirani, mbao ni za mti uleule na umri uleule, lakini hakuna tundu hata moja. Kusdono anasema mababu wa Bibi wanavilinda. Nilimwambia ni kweli, na nilikuwa nimefurahi.

2 Januari

Bibi hakula. Anasema fizi zinamuuma, kosa la tambuu. Mate yanamtoka anajifuta kwa leso. Mkono wake unatetemeka, na katika Panji hakuna pa kuuficha mkono unaotetemeka.

"Ni uzee," akasema alipoona namtazama. "Wewe pia unakuja huko, usinikodolee macho."

9 Januari

Maji yamefunika barabara ya Karangjati. Bibi hawezi kuja na kurudi kila siku, na siku za mazoezi zinakwisha. Aliomba aende na kinyago kwao, amfundishe Tarini, ili mkono ukizidi kumsaliti mtoto ashike nafasi. Profesa Hardiman amekubali kwa simu bila hata kuuliza swali. Nilikifunga mwenyewe kwa kitambaa cha batiki, nikakiweka mapajani mwa Bibi garini. Akanipapasa shavu. Hajawahi kunifanyia hivyo.

13 Januari

Mvua.

16 Januari

Leo nimekaa mbele ya makabati mawili. Moja limeliwa, moja halikuguswa. Kuna mdudu gani anayechagua hivyo? Nikamkumbuka Profesa Sukanda, mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka miaka yake ya mwisho hata kikombe hakishikiki, sisi tukasema uzee. Alikuwa akivipenda vinyago vile kuliko wanawe. Kila kiangazi alijifungia navyo akivipaka dawa kwa brashi.

Nimesugua ndani ya kinyago chekundu, kimoja kati ya vinne vilivyobaki, kwa pamba yenye maji, nikaipeleka pamba kwa Lasmi, mwalimu wa kemia hapa chuoni. Hakuniuliza kitu, nadhani aliniona usoni. Simu ya Tarini haipatikani. Umeme umekatika huko tangu jana.

18 Januari

Naandika mkono ukiuma, lakini nisipoandika leo sitaweza tena.

Lasmi alikuja ofisini kwangu asubuhi, akafunga mlango. "Nani amevigusa hivi vitu?"

"Kwa nini?"

"Zebaki, Nining. Na aseniki. Ngozi ile ya ndani imelowa kama sifongo. Zamani ndivyo walivyokuwa wakiua wadudu wa mbao. Waambie watu wasiviguse."

"Wanaving'ata."

Akakaa chini bila kuona kama kuna kiti.

Nilikimbia kwa Kusdono. Alikuwa darasani, nikamwambia mbele ya wanafunzi wake, sikuwa na akili ya kumwita pembeni. Alichukua ufunguo wa pikipiki na koti. Tulifika mpaka daraja la mto, pikipiki ikanywa maji ikafa. Tukaiacha. Tukapita katikati ya mashamba ya mpunga, maji kiunoni, hauonekani mpaka wa shamba wala mfereji. Nilitumbukia mara moja na Kusdono akanivuta kwa nywele. Njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko maji.

Nyumba ya Bibi iko kwenye kiinuko. Kabla hatujafika tulisikia mdundo. Bibi Wastinah alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, uso umevimba hata macho yamekuwa nyuzi, anagonga ubao kwa kijiti. Mbele yake amesimama Tarini, amevaa Panji. Hatikisiki, ameinua kidole kimoja tu. Alikuwa amekipata. Kile ambacho Kusdono hufundisha wanafunzi miaka wasikione, mtoto yule alikuwa amekipata.

"Tarini," nikasema, "fungua meno."

Hakunisikia. Anayecheza Panji hasikii. Kusdono akapanda baraza na tope lake, akaweka kiganja chini ya kidevu cha kinyago, akasema taratibu kama anayemwamsha mtoto, "Achia, mwanangu. Achia kiangukie mkononi mwangu." Kikaanguka.

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia. Carman, mtoto wa Bibi, baba yake Tarini, akatoka ndani akasimama mlangoni. Tarini akaanza kutema mate uani, anatema na kusukutua maji ya mvua, anatema tena. Bibi peke yake ndiye ambaye hakushtuka. Aliniangalia kwa zile nyuzi za macho.

"Tangu lini?"

"Tangu kwa Profesa Sukanda, Bibi. Hakujua. Sisi hatukujua."

"Siku zote nilijua kina ladha." Akavuta pumzi. "Mlikichukua kitamu, mkakirudisha kichungu."

"Bibi, twende hospitali."

"Kwanza nipe kinyago changu."

Sikumpa. Nilikifunga katika mfuko wa nailoni na kuufungia ndani ya koti la mvua, naye akiniangalia. Carman na Kusdono wakambeba kwa mlango wa chumba, walioung'oa bawabani. Nilitembea nyuma na kinyago kifuani. Njia nzima alikuwa akiniita mwizi, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayetaja jina.

20 Januari

Figo. Daktari ni kijana mwenye upole wa kuchoka. Aliniuliza, "Amekula nini? Amekunywa dawa gani za kienyeji?" Nikamwambia yote. Akaandika kila neno. Kuna dawa ya kuitoa zebaki mwilini, lakini hapa haipo, itabidi itoke mji wa Bandung, na barabara ya milimani imeporomoka. Tarini amepimwa, alichonacho ni kidogo, atapona. Bibi amewekwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Alasiri Profesa Hardiman akaniita. Nilikuwa namheshimu sana mtu huyu. Aliniagizia kahawa.

"Nining, mama yule ana sukari. Ana miaka sabini na kitu. Nani atasema kwa uhakika ni kinyago?"

"Lasmi amepima."

"Lasmi amepima kinyago. Hakumpima mama. Tufungue jengo kwanza. Tuseme vinyago ni dhaifu, tutumie nakala. Baada ya ufunguzi tutaunda kamati."

"Daktari nimeshamwambia."

Akaweka kikombe. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuniuliza habari ya ruhusa, Profesa. Aliniuliza amekula nini."

23 Januari

Nimeondolewa kwenye kazi ya jengo. Panji nimekirudisha kabatini, funguo nimezikabidhi kwa karani. Nimehamishiwa maktaba.

24 Januari

Kusdono amewaambia wanafunzi wote kwa nini. Amesimama ukumbini akasema bila kupindisha neno, na sasa mji mzima unajua. Profesa hawezi tena kuficha. Kusdono hajafukuzwa kwa sababu bila yeye hakuna ufunguzi. Nilimuuliza kama haogopi.

"Naogopa," akasema. "Lakini ningebaki na kazi, halafu nimwambie nini Tarini akiniamkia?"

30 Januari

Dawa haijafika. Nimekwenda hospitali, Bibi amegeuzia uso ukutani.

1 Februari

Nimekwenda. Amegeuka.

2 Februari

Vilevile. Muuguzi anasema usingizini anang'ata meno.

4 Februari

Dawa imefika. Daktari amemtundikia, kisha akanitoa nje hadi koridoni. "Tumechelewa," akasema. "Nitaendelea, lakini tumechelewa." Nilikaa kwenye benchi mpaka mfagizi akaniomba niinue miguu. Ni mimi niliyewaza kuuvunja ukuta. Ukuta ungebaki, mwanamke huyu angekuwa kwake leo anatukana watu.

12 Februari

Kusdono amenipigia simu nije ukumbini, na kama nimekatazwa nije hivyo hivyo. Nikapitia mlango wa mafundi.

Kabati la Panji limezibwa kabisa kwa amri ya chuo, limewekwa katikati, pale ulipokuwa ukuta. Kinyago kinaning'inia hatua moja ndani ya kioo. Tarini alikuwa amesimama hatua moja nje ya kioo, uso mtupu, amewapa mgongo watakaotazama. "Mwalimu, kaa pale," akaniambia. Kusdono akazima taa zote isipokuwa moja inayommulika Tarini. Ndani ya kioo, kama kwenye kioo cha kujitazamia, ukatokea mwili wake, na uso wa mwili ule ulikuwa Panji. Akigeuka kidogo, kivuli kinageuka ndani ya kinyago. Nilihama kushoto, nikahama kulia, uso haukubanduka.

"Nimegundua nilipokuwa nakitukana," Tarini akasema. "Nilikuwa nimesimama hapa nakitukana, nikajiona."

17 Februari

Ufunguzi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, wageni wameacha viatu vilivyojaa tope mlangoni kama msikitini. Nilisimama nyuma kabisa, kati ya wapishi. Profesa Hardiman alihutubia habari ya makumbusho na ukumbi kuwa kitu kimoja. Maneno mengine yalikuwa yangu, niliyomwambia nilipokuwa nikimwomba. Sumu hakuitaja. Kusdono ndiye aliyeitaja. Kabla hajaketi kwenye ngoma yake alisema, "Kinyago hiki hakivaliwi tena kwa sababu kimemuumiza Bibi Wastinah, mwenye nacho. Ni makosa yetu, si yake." Kabla Profesa hajainuka, patu zikapigwa.

Bibi alikuwepo. Kusdono na Carman walimtoa hospitali kwa kiti cha magurudumu, daktari akatazama pembeni. Amekuwa mdogo kama mtoto wa shule, lakini midomo ameipaka rangi.

Tarini alicheza. Patu zilinguruma mpaka kioo kikawa kinatetemeka, naye amesimama, shingo, kidole, basi. Nimeona Panji wengi. Watu walilia waziwazi. Mgeni mmoja kutoka wizarani alisimama akiwa ameweka mkono mdomoni. Mwisho wakapiga makofi muda mrefu, na wapiga picha wakamzunguka Profesa.

Nilimwendea Bibi. Nilipiga magoti ili tuwe sawa macho. Hakugeuka safari hii.

"Bibi, umeona?"

"Nimeona." Alikuwa akihema kila neno. "Mtoto amecheza. Kinyago hakijacheza."

"Ndiyo, Bibi."

"Wanapiga makofi kwa sababu hawajui. Wewe unajua."

"Najua."

"Basi usipige."

18 Februari

Magazeti yanasifu. Vyuo viwili vimeomba kuja kujifunza kwetu.

25 Februari

Bibi Wastinah amefariki alfajiri. Carman alinipigia simu mwenyewe.

"Aliomba azikwe na kinyago chake. Imamu amesema haifai, mimi nimesema ni mama yangu. Kilete."

Ningeweza kumwambia sina funguo. Ingekuwa kweli, na ingenitosha. Lakini nikamwambia, "Kaka Carman, makaburi yenu yako mteremkoni, juu ya kisima cha kijiji. Sumu ile haiozi. Itashuka na maji, itaingia mpungani. Kisingemwendea hata ningekuwa na funguo. Nisamehe."

Nilisikia wanawake wanalia nyuma yake na mvua juu ya bati.

"Hata leo unamnyima," akasema. "Basi usije."

Nimekwenda. Kusdono alinikuta kituoni akanipakia nyuma ya pikipiki bila kuniuliza. Jeneza lilikuwa limeshafika makaburini, limewekwa juu ya mabao na kufunikwa kwa batiki. Hakuna aliyeniambia karibu. Nilisimama mbali, kwenye ukingo, nikiona mgongo wa Tarini.

Hawakuweza kumzika. Kaburi lilikuwa limejaa maji. Wanaume wanne walikuwa wamo ndani wanachota kwa ndoo na masufuria, na kila wanavyochota kuta zinabubujika. Imamu alishika mwavuli juu ya jeneza, akiangalia mbingu, akiangalia saa. Mmoja wa waliokuwamo ndani akapanda juu amechoka. Carman akaipokea ndoo yake, akatazama huku na huku nani ashuke. Macho yake yakanifikia. Nilidhani atanifukuza.

Alikuja mpaka nilipo, tope mpaka kifuani, akanisukumia ile ndoo tumboni.

"Usisimame tu," akasema. "Shuka uchote."

Nilivua viatu, nikashuka. Maji yalikuwa baridi, yananifika mapajani. Kusdono akashuka nyuma yangu. Mimi nachota, nampa Carman, Carman anampa Tarini, Tarini anamwaga mteremkoni. Maji yalikuwa yakirudi, nasi tukichota.